Vifuu 12 na kamba ya makumbi: kuonyesha kwa mikono swichi za jeni ndani ya seli za CAR-T

Ukieleza barazani kwamba seli za kinga za mgonjwa wa saratani hutolewa mwilini, zikatiwa jeni mpya, kisha zikarudishwa zikapigane, utaulizwa jeni hiyo imetoka wapi. Ni nadra kuulizwa nani ataiwasha, iwake kwa nguvu gani, na izimwe lini. Na humo ndimo tiba hiyo, iitwayo CAR-T, inamofaulu au kushindwa: CAR ni kipokezi kinachotokana na jeni hiyo mpya, na T ni seli T, aina ya seli za kinga. Seli mbili zinaweza kubeba jeni ileile, herufi kwa herufi. Moja ikaishi miaka ikiwinda saratani, nyingine ikachoka baada ya wiki chache. Maandishi ni mamoja. Kinachotofautiana ni jinsi kamba ya DNA ilivyokunjwa, na nani ana ruhusa ya kuikunjua.

Mwongozo huu ni wa kulionyesha jambo hilo juu ya mkeka. Unamfaa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, mhudumu wa afya wa jamii, au yeyote anayeongoza mazungumzo ya afya Langoni, Mkomani, Shela au Matondoni, kisiwani Lamu. Tenga saa mbili na watu 10 hadi 20. Vifaa vingi viko jikoni na ufuoni.

Vifaa

Anza na nazi 12 zilizokwisha kukunwa. Nyumba iliyopika wali wa harusi itakuwa nazo. Waombe kabla vifuu havijatiwa motoni. Kila nazi huacha vifuu viwili, na hivyo viwili vitarudishwa pamoja kuwa tufe moja, kwa hiyo usivichanganye: kifuu na mwenzake, la sivyo midomo haikutani. Chagua vyenye upana wa sentimita 10 hivi. Usivikwangue. Nyuzi zilizobaki mgongoni ndizo zitakazoishika kamba.

Kamba iwe ya makumbi, unene wa sentimita 1, urefu wa mita 12. Ya nailoni hupatikana kwa wepesi zaidi, lakini huteleza kwenye kifuu na kujikunjua yenyewe, na watu wataondoka wakidhani DNA nayo hujifungua ovyo. Utahitaji pia miyaa 48 ya sentimita 15 (mabaki ya msuka ukili yanatosha), mpira mkuukuu wa ndani wa baiskeli au pikipiki uliokatwa vipande vya upana wa sentimita 2, vibanio 40 vya nguo vya mbao, uzi wa nyavu mita 5, kunde robo kilo, mabakuli mawili na kengele. Vibanio 20 vipake kijani na 20 vyekundu. Rangi iliyobaki ya mashua inatosha, ila viachwe vikauke siku nzima. Tafuta pia kofia moja, leso mbili, na vitambaa vyeupe na vyekundu vya kuzungushia kamba.

Kuunga

Funga kila jozi ya vifuu kwa mpira, na kabla hujakaza, penyeza miyaa minne katikati ya midomo ili ncha zake zichomoze nje. Tufe hilo ni kundi la protini nane ziitwazo histoni: aina nne, kila aina mara mbili. Kwa hiyo kifuu kimoja ni nusu yenye aina zote nne, na mwenzake ni nusu ya pili. Miyaa ni mikia ya histoni. Mikia halisi ni mingi kuliko minne, lakini ukiweka minane kwa kila tufe hutaiona kamba tena.

Sasa zungusha kamba. Acha mita 1 mwanzoni, kisha kila tufe lipate mzunguko mmoja na theluthi mbili, yaani sentimita 57 hivi za kamba, na kati ya tufe na tufe ziachwe sentimita 19. Zungusha kinyume cha hesi za parafujo ya kawaida. Hakuna atakayegundua, lakini ndivyo DNA inavyozunguka kweli, na hakuna haja ya kuonyesha uongo pale ambapo ukweli hauna gharama. Matufe 12 yatakula mita 9 na kidogo. Inayobaki ni mikia ya kushikia na akiba ya makosa.

Matufe manne ya mwanzo, zungushia kamba yake kitambaa cheupe: hiyo ni promota, mahali ambapo usomaji wa jeni huanzia. Manane yaliyobaki, kitambaa chekundu: hiyo ni jeni ya CAR. Vipimo havikubahatishwa. Tufe halisi hubeba herufi 147 za DNA, na kiunganishi kati ya tufe na tufe kinaweza kuwa na herufi 50 hivi. Matufe manane yanakaribia herufi 1,600, na jeni ya CAR ya kawaida ina herufi 1,500 hivi.

Kabla hujaendelea, wape kipimo. Umekuza DNA takribani mara milioni 11. DNA ya seli moja ya binadamu ina urefu wa mita 2. Kwa kipimo cha mkeka wako ingekuwa kamba ya zaidi ya kilomita 22,000, kupita nusu ya mzunguko wa dunia. Na kiini cha seli T iliyotulia, chenye upana wa mikroni 7 hivi, kingekuwa tufe la mita 80. Kamba yote hiyo imo ndani ya tufe hilo, na bado seli huipata jeni inayoitaka ndani ya dakika chache. Waache walitafakari hilo kidogo. Wakishaona kwamba kukunja ni lazima, hawatahangaika kuelewa kwa nini kukunja kumegeuka kuwa njia ya kutawala.

CAR yenyewe, kwa ufupi

Ni kipokezi cha kuundwa. Nje ya seli kina kichwa kilichokatwa kutoka kwenye kingamwili, chenye kushika alama fulani juu ya seli ya saratani, kwa mfano CD19. Kisha shingo, kisha kipande kinachopita kwenye utando. Ndani kina sehemu mbili: CD28 au 4-1BB, inayotoa ishara ya kusaidia, na CD3-zeta, inayotoa ishara ya kuua. Usikae hapa zaidi ya dakika tano. Vitabu vingi hutumia nusu ya kurasa zao kuchora kipokezi hiki, na msomaji hubaki akidhani kipokezi ndicho tiba nzima.

Mchezo wa kwanza: kufungua promota

Mtu mmoja awe msomaji. Kazi yake ni kuanzia kitambaa cheupe, kupita juu ya chekundu hadi mwisho, na kutia kunde moja katika bakuli. Kunde moja ni nakala moja ya mRNA, na nakala hiyo ndiyo itakayotumika kutengenezea protini. Hawezi kuanza mpaka matufe manne ya promota yaondolewe kwenye kamba. Kwenye sehemu nyekundu anaruhusiwa msaidizi wa kuinua tufe apite, maana hata ndani ya seli msomaji ana wasaidizi wa kumsogezea histoni anapokuwa njiani.

Kanuni ya kijani: kibanio kimoja kwenye mwaa mmoja. Tufe likipata vibanio vinne vya kijani, linaruhusiwa kutolewa. Kijani ni asetili. Mkia wa histoni una chaji chanya, DNA ina chaji hasi, na hivyo hushikana. Asetili hufuta chaji ya mkia, mshiko ukalegea. Kanuni ya nyekundu: kibanio chekundu hubanwa kwenye kamba yenyewe, na tufe lenye chekundu haliruhusiwi kupata kijani. Nyekundu ni methili iliyokaa juu ya DNA. Huita protini ambazo nazo huleta vimeng'enya vya kung'oa asetili.

Cheza dakika mbili bila kibanio hata kimoja: bakuli tupu. Tia kijani 16 kwenye promota, cheza dakika mbili, hesabu kunde. Kisha toa kijani kwenye tufe moja tu, ubane chekundu hapo, urudie. Kunde zitakoma, ingawa kitambaa chekundu hakijaguswa na jeni iko nzima. Andika hesabu zote tatu ubaoni. Hii ndiyo dakika ambayo vichwa huanza kutikiswa.

Tahadhari kwa mwalimu: usiwafundishe kwamba methili siku zote huzima. Methili iliyokaa kwenye mkia wa histoni inaweza kuwasha au kuzima, kutegemea imekaa sehemu gani ya mkia. Hapa tunasema juu ya methili ya DNA kwenye promota, ambayo kwa kawaida hufunga.

Mchezo wa pili: kofia na leso

Huu ndio moyo wa somo, usiufupishe.

Kipokezi kinapoishika saratani, kalsiamu huingia ndani ya seli, na protini iitwayo NFAT huhamia kwenye kiini. Mvalishe mtu kofia, awe NFAT. Ishara ya pili huamsha Fos na Jun, ambao hushikana mikono na kuitwa AP-1. Wavishe leso. Chora duara kwa chaki kando ya kamba: hicho ndicho kiti cha AP-1. Weka mabakuli mawili, moja la kazi, moja la uchovu.

Kila kengele inapolia, seli imegusana na saratani, na NFAT hupiga hatua mbele. Akimkuta Fos na Jun duarani mwa kiti, watatu hao hufungua jeni za kazi, kama ile ya IL-2, protini inayozidisha seli T, na kunde huenda bakuli la kazi. Akikuta kiti hakina Jun, hufungua peke yake jeni nyingine, zile za uchovu: PD-1, TOX, kundi la NR4A. Kunde huenda bakuli la uchovu.

Sasa leta shida. Kila kengele ya tatu, ingiza mtu mpya aitwaye BATF au JunB. Hawa ni ndugu wa ukoo wa AP-1, nao huingia kwenye duara na kukaa. Duara likishajaa, Jun hana pa kukanyaga. Piga kengele mfululizo bila kupumzika, na baada ya kengele 12 au 15 bakuli la uchovu litakuwa linajaa lenyewe. Jun yuko pale pale ukumbini. Amezidiwa idadi.

Waulize wafanye nini. Karibu kila kikundi hupata mmoja wa kusema: ongezeni akina Jun. Ndivyo ilivyofanyika Stanford, katika maabara ya Crystal Mackall, na matokeo kuchapishwa 2019: seli za CAR-T zilizopewa c-Jun ya ziada zilistahimili uchovu na kudhibiti uvimbe vizuri zaidi katika panya. Ongeza watu watatu wenye leso, uwaruhusu kuwatoa akina BATF, na uone kunde zinavyohama bakuli.

Mchezo wa tatu: jeni imetua wapi

Tandaza kamba ya pili, yoyote, sambamba na ya kwanza, na uiandike majina ya jeni kwa karatasi: TRAC, TET2, LMO2, na sehemu ndefu isiyo na jina. Mpe mtu kipande cha kitambaa chekundu, mfumbe macho, atupe. Hivyo ndivyo kirusi kilichofugwa, yaani vekta, kinavyopachika CAR. Si ovyo kabisa: lentivirusi hupenda kuingia ndani ya jeni zinazosomwa, na gamaretrovirusi, ambayo ni ya ukoo wa virusi vya panya, hupenda karibu na mwanzo wa jeni. Lakini anwani kamili hakuna anayeichagua. Kwa sababu hiyo viwanda hupima wastani wa nakala za vekta kwa seli, na kikomo kinachotumika sana ni chini ya 5.

Kitambaa kikiangukia LMO2, simulia ya Paris. Watoto waliozaliwa bila kinga walitibiwa kwa gamaretrovirusi kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Wengi walipona, lakini baadhi yao walipata leukemia kwa sababu swichi kali ya kirusi ilitua jirani na LMO2 na kuiwasha isipotakiwa. Swichi haikuagizwa iwashe ya jirani, lakini swichi haina mpaka wa kiwanja. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la saratani za seli T liandikwe kwenye dawa za CAR-T. Visa ni vichache sana ukilinganisha na wagonjwa waliotibiwa, na hilo litajwe kwa sauti ileile uliyotumia kutaja hatari.

Kikiangukia TET2, kisa ni cha ajabu zaidi. Mzee wa miaka 78 mwenye leukemia sugu ya limfu alipewa seli za CAR-T, na kwa muda hazikuonyesha nguvu kubwa. Kisha zikafumka. Kilele cha tiba kilipofika, asilimia 94 ya seli zake za CAR-T zilikuwa uzao wa seli moja. Katika seli hiyo vekta ilikuwa imetua ndani ya TET2 na kuivunja, na nakala ya pili ya TET2 ya mgonjwa huyo tayari ilikuwa na kasoro. Kazi ya TET2 ni kusaidia kuondoa methili kwenye DNA. Seli ilipoipoteza, ramani yake ya vibanio vyekundu ilibadilika, ikabaki na tabia ya seli kumbukizi, zile zinazozaana na kudumu. Saratani ikaondoka. Taarifa ilichapishwa 2018, na tangu hapo watafiti wengi wamegeuza macho kutoka kwenye kichwa cha kipokezi kwenda kwenye vibanio. Asitoke mtu, hata hivyo, akiamini kwamba kuvunja TET2 ni dawa: jeni hiyohiyo ikivunjika katika seli za uboho huhusishwa na saratani za damu.

Sasa mfumbue macho huyo mrushaji na umwambie aweke kitambaa kwa mkono, juu ya TRAC. Hapo ndipo jeni ya kipokezi cha asili cha seli T ilipo. Mwaka 2017 kikundi cha Michel Sadelain, New York, kilitumia mkasi wa CRISPR kukata mahali hapo, na kirusi cha AAV kuleta CAR. CAR ikawa inatumia promota ya wenyeji. Faida yake ni hii: promota kali za kawaida hutoa CAR nyingi muda wote, vipokezi vikasongamana juu ya utando na kuanza kupeana ishara hata saratani haipo. Kwenye mkeka hiyo ni kengele inayolia bila mtu kuigusa. Kwenye TRAC, CAR hupungua baada ya seli kugusana na adui, kisha hurudi kwa kipimo. Seli hupata pumzi. Katika panya zilidhibiti leukemia vizuri kuliko zile zilizotengenezwa kwa njia ya kawaida.

Iga hilo: mpigaji kengele apige mfululizo dakika moja, kisha arudie akipiga mara tano na kupumzika sekunde 20. Linganisha mabakuli.

Mchezo wa nne: makovu

Chukua uzi wa nyavu. Kila mara bakuli la uchovu linapopata kunde ya tano, funga fundo moja kukaza tufe mojawapo la jeni ya kazi. Fundo halitolewi kwa kibanio cha kijani. Hii ni alama isiyofutika kwa wepesi, na ndiyo inayoeleza kwa nini seli iliyochoka haiamki kwa kuondolewa adui tu.

Watu waliosikia habari za dawa za kuzuia PD-1 watauliza kama hizo hazitoshi. Jibu fupi: PD-1 ni breki, na dawa huondoa mguu kwenye breki. Uchunguzi wa 2016 kwa panya ulionyesha kwamba seli zilizochoka zikipewa dawa hiyo huchangamka kwa muda, lakini ramani ya sehemu zilizofunguka na zilizofungika za DNA yao haibadiliki sana. Mafundo yapo palepale.

Kuna njia mbili za kuonyesha. Ya kwanza ni kuzuia fundo lisifungwe: ondoa DNMT3A, kimeng'enya kinachobana vibanio vyekundu vipya. Katika utafiti wa 2021, seli za CAR-T zisizo na DNMT3A ziliendelea kuua baada ya kukutana na saratani tena na tena. Ya pili ni kupumzisha. Mwaka huohuo, Stanford tena, seli zilizochoka zilinyamazishiwa ishara ya CAR kwa muda, kwa mfano kwa dasatinib, dawa ya zamani ya leukemia inayozima vimeng'enya vilivyo karibu kabisa na kipokezi. Zilipoachiwa, zilikuwa zimerudisha nguvu, na ramani ya DNA yao imejipanga upya. Kwenye mkeka: nyamazisha kengele dakika tatu, uwape watu wawili kazi ya kufungua mafundo. Watafungua baadhi. Hawatafungua yote, na usiwasaidie.

Kutoka mkekani hadi wodini

Hapa nenda haraka, ukitaja swichi kila zinapoguswa. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine ya kutenga seli nyeupe, kazi ya saa 3 hadi 5. Seli T huamshwa kwa kingamwili zinazoshika CD3 na CD28, protini zilizo juu ya seli hizo. Hiyo ni kengele ya kwanza, na bila hiyo vekta haiingii vizuri. Vekta hutiwa katika siku ya kwanza au ya pili. Kisha seli hukuzwa, kwa kawaida siku 7 hadi 14, kwa IL-2 au kwa IL-7 na IL-15, protini za kuzikuza seli T. Hizi mbili za mwisho husaidia kutunza tabia ya seli kumbukizi. Kadiri zinavyokaa chupani ndivyo zinavyozeeka: katika panya, zilizovunwa siku ya 3 zilipiga leukemia vizuri kuliko za siku ya 9. Wingi si nguvu. Baada ya hapo hugandishwa kwenye mvuke wa naitrojeni, chini ya nyuzi -120.

Mgonjwa hupewa kwanza dawa za kupunguza seli zake za kinga. Kwa tisagenlecleucel, mojawapo ya dawa za CAR-T, katika leukemia ya limfu ya ghafla, ratiba ni fludarabine miligramu 30 kwa kila mita ya mraba ya mwili kila siku kwa siku 4, na cyclophosphamide miligramu 500 kwa kila mita ya mraba kila siku kwa siku 2. Dozi ya seli kwa mwenye uzito usiozidi kilo 50 ni milioni 0.2 hadi 5 kwa kila kilo. Katika siku za mwanzo homa kali inaweza kuja kwa sababu ya kufurika kwa IL-6 na wenzake, protini ambazo seli za kinga huzitumia kupeana ishara. Tocilizumab, dawa inayozuia ishara ya IL-6, hutumika, miligramu 8 kwa kilo, au 12 kwa mwenye uzito chini ya kilo 30.

Mambo yanayoharibu onyesho

Upepo ni wa kwanza. Msimu wa kusi usithubutu kufanyia gatini wala ufuoni. Miyaa hupeperuka na vibanio hung'oka, na punda mmoja akipita juu ya kamba, kazi ya asubuhi imekwisha. Ukumbi wenye kuta au uwanja wa ndani wa nyumba unafaa zaidi.

Kamba mpya ni ngumu na hukataa kujipinda. Iloweke maji ya kawaida usiku mmoja, ikaushwe kivulini. Maji ya chumvi huiacha na unyevu, nayo huanza kunuka ndani ya wiki. Vifuu vyenye mabaki ya nazi vitaleta sisimizi, visugue ndani kwa mchanga.

Kosa kubwa la maelezo ni kumpa kila mtu jina kwa wakati mmoja. Ukitaja NFAT, Fos, Jun, BATF, TOX na NR4A kabla kengele haijalia, utapoteza nusu ya mkeka. Mtie mtu mmoja mmoja, kila anapohitajika.

Na chumba kikiwa na watoto, kunde zitaliwa au zitapotea. Hesabu mwanzoni.

Maswali utakayoulizwa

Mama atauliza kama tiba hii inafaa saratani ya matiti au ya mlango wa kizazi. Mjibu wazi. Kufikia mwisho wa 2024, dawa za CAR-T zilizoidhinishwa Marekani zilikuwa 7, na zote ni za saratani za damu: tano hulenga alama ya CD19, mbili hulenga alama nyingine, BCMA. Uvimbe mgumu ni vita vingine, na uchovu uliouona kwenye mkeka ni mojawapo ya sababu, kwa kuwa ndani ya uvimbe kengele hailali. Aliye na uvimbe titini asingojee CAR-T. Upasuaji na dawa zilizopo, zikianza mapema, ndizo za kukimbilia.

Mwingine atauliza bei. Tisagenlecleucel ilipoidhinishwa Agosti 2017, bei yake Marekani ilikuwa dola 475,000. Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, iliyotengenezwa hukohuko kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Familia inayofikiria safari iulize hospitali mambo haya kabla ya kukata tiketi: ni alama gani inalengwa, na je, seli za mgonjwa huyu zinayo, seli zitakuwa tayari baada ya siku ngapi, na mgonjwa atatibiwaje akingojea, atakaa karibu na hospitali wiki ngapi baada ya kupewa, na nani atamfuatilia akirudi nyumbani, kwa sababu seli hizi hufuatiliwa kwa miaka.

Swali la mwisho kwa kawaida hutoka kwa mzee aliyenyamaza muda wote: je, daktari mwenyewe anaweza kushika swichi? Anaweza, kwa kiasi. Kuna seli zilizotiwa jeni ya iCasp9, ambayo hulala hadi mgonjwa apewe dawa maalumu. Katika jaribio lililochapishwa 2011 kwa wagonjwa waliopandikizwa uboho, dozi moja iliondoa zaidi ya asilimia 90 ya seli zilizobadilishwa ndani ya dakika 30. Ili kuonyesha, pitisha uzi wa nyavu chini ya matufe yote 12 tangu mwanzo, uufiche chini ya mkeka, na umpe mzee huyo ncha yake. Akivuta, vyote vinavurugika, kunde zinakoma. Kisha mwambie aanze kuvipanga upya, na wote wataona kwa nini daktari hufikiri mara mbili kabla ya kuuvuta.